Siku Mtani Alipotufungia Mizigo Kigombe

Sababu ya safari hii ilikuwa baba yangu, ingawa yeye tulimwambia ni likizo ya mtoto. Tangu tulipomzika mama mwaka juzi, Mzee Kasimiri alihamia kwetu Morogoro, na kwa kulala na kuamka hakuwa na shida. Shida ilikuwa mezani. Mtu akilitaja jina la mama, hata kwa kuponyokwa, baba anaweka kijiko chini, ananawa, anaondoka. Tukajifunza kutomtaja. Nyumba nzima ikawa inalikwepa jina la Felista, na bado baba akazidi kukonda. Suruali zake nilizipunguza kiuno mara mbili. Niliogopa, sifichi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu akiona tatizo huandaa ratiba. Baba alizaliwa pwani, kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Kigombe, ambako babu yangu alifika kutoka Unyamwezi kukata mkonge. Baba aliondoka huko akiwa kijana na hakurudi tena. Nikamwambia mume wangu, Gaudens, kwamba likizo ya Juni tutakwenda Tanga: sisi wawili, binti yetu Tumaini wa miaka kumi, na baba. Labda akiona alikozaliwa atakula. Gaudens ni Mluguru, mtu mpole. Alijibu kwamba bahari haipiki chakula, lakini tiketi alikata.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi ya Msamvu. Baba alivaa kofia yake ya kanisani na koti, akakaa dirishani, mkoba mdogo mapajani. Tumaini alikuwa amelala na nguo za kuogelea ndani ya gauni ili asipoteze muda akifika. Kutoka Morogoro hadi Chalinze aliuliza mara nne kama bahari inaonekana barabarani. Babu yake alimjibu mara ya kwanza tu.

Saa nne na nusu, Segera. Hapa abiria wote hushuka kana kwamba wameahidiwa kitu. Nilimnunulia baba mahindi ya kuchoma, akashukuru, akampa mjukuu. Tulipofika Muheza wauzaji wakatuletea machungwa yaliyomenywa hadi dirishani, na nikafurahi kuona baba ametoa mkono mwenyewe. Alilishika chungwa lile mpaka Tanga. Hakulila.

Saa saba na nusu mchana tukaingia Tanga. Tulipata gesti Makorora, mtaa wenye watu na kelele za kutosha, na jioni mwenye nyumba akatuletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina bila kuagizwa. "Mzee mbona hagusi?" akaniuliza pembeni. "Au wataka nimpikie uji?" Nikasema amechoka na safari. Nilishauzoea uongo huo, nikawa nautoa bila kufikiri.

Asubuhi ya siku ya pili tulikodi gari dogo na dereva wake, tukachukua njia ya Pangani. Mashamba ya mkonge yalipoanza kuonekana, baba akavua kofia, akaiweka magotini. Alihesabu kitu kwa midomo bila sauti. Nilipomuuliza akasema anahesabu njia za kuingilia kambini, na ya kwao imeota vichaka. Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema tangu Morogoro, nikamkanyaga Gaudens mguu kwa furaha.

Saa tatu tukawa Kigombe, kwenye diko, pale samaki wanaposhushwa. Tumaini alivua gauni kabla gari halijasimama vizuri. Mimi na Gaudens tukakimbia naye, na nakiri kwamba kwa robo saa nzima nilisahau kilichonileta. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na mume wangu, mtoto wa milimani, alikuwa anapiga kelele kuliko binti yake. Nilipogeuka, nikamwona baba amesimama kivulini na viatu vyake, na mbele yake mama mmoja mtu mzima, mwenye kanga mbili na sinia la samaki wa kukaanga, anamkagua kama anayekagua shuka la mtumba.

Nikaenda upesi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu wako?" Hakungoja jibu. "Weye mzee, weye si Kasimiri? Wa kambi ya juu? Baba'ko si yule Mnyamwezi mwenye baiskeli isokuwa na breki?"

Baba alimtazama usoni. "Mwanahamisi," akasema taratibu. "Ulikuwa unauza vitumbua vibichi."

"Vibichi! Na ulivila vyote." Akageukia mkoba uliokuwa mkononi mwa dereva wetu. "Siku hizi Wanyamwezi wabebewa mizigo? Kiyama kimekaribia." Kisha akaniambia yeye ni Mzigua wa kule Mwera, ameolewa hapa Kigombe miaka yote hii, na kwamba chakula cha mchana tunakula kwake, tukatae tuone.

Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka pale. Alitutandikia jamvi uani, majirani wakaja kuamkia wageni. Baba alivua viatu mlangoni, koti na kofia akavitundika kwenye msumari. Ndipo Bi Mwanahamisi akauliza, kwa wema kabisa, "Na mkeo umemwacha na nani?"

Baba akatazama chini. Ikabidi nijibu mimi: mama alitutoka, mwaka juzi.

Nilisubiri pole. Badala yake Bi Mwanahamisi akapiga makofi. "Mwaka juzi! Mmezika, mmeanua matanga, na miye sikuitwa? Kasimiri, umekuwa mwizi?" Akainuka, akachukua kofia na koti msumarini, viatu mlangoni na mkoba wa baba, ambao ndani yake mlikuwa na dawa zake za presha, akaingia navyo chumbani. Tukasikia kufuli. Akatoka, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. "Hamuondoki hapa," akasema, "mpaka mlipe."

Wanawake wakacheka. Baba hakuinua uso. Mimi nikasimama. Baba yangu mgonjwa wa huzuni, kaletwa apate nafuu, anaporwa mchana kweupe na kuitwa mwizi kwa kuwa amefiwa! Gaudens alinishika mkono. Nikauvuta. Nikatoka na nguo zangu zilizolowa maji chini ya kanga, nikauliza nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, nikaonyeshwa.

Mwenyekiti alikuwa anatengeneza banda la kuku. Nikamweleza kwa sauti ya darasani.

"Bi Mwanahamisi?" akauliza. "Yule Mzigua? Na mwenye mizigo kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Na mmefiwa."

"Mama yangu. Mwaka juzi."

Akaweka nyundo chini, akajifuta macho, na nikaona kwamba anacheka. "Mwalimu, Mzigua kamshika mtani wake kwa sababu ya msiba, weye waniletea miye? Kesi hino sina uwezo nayo, wala mahakama haina. Rudi ukatazame."

Nilisimama pale nikatamani ardhi inimeze. Utani! Nimeufundisha mwenyewe, ubaoni, kwa chaki: kwamba makabila fulani yana ruhusa ya kutaniana, kwamba mtani ana haki zaidi msibani, atachukua vitu, atamwigiza marehemu, atawadhihaki wafiwa mpaka wacheke, kwamba anayekasirika ndiye mwenye makosa. Nimetunga mpaka mtihani. Na siku utani uliponijia ukiwa hai nikakimbilia serikalini. Halafu nikakumbuka msiba wetu Morogoro. Tulikuwa na mshereheshaji, spika, na ratiba iliyochapwa, ambayo niliiandaa mimi. Kama walikuwapo watani wa baba, tuliwafunga mdomo kwa dakika tatu za salamu za rambirambi.

Nilirudi mbio. Mlangoni nikasimama.

Bi Mwanahamisi alikuwa amevaa koti la baba na kofia yake, viatu vyake miguuni, anatembea uani, mikono nyuma, kidevu kifuani. "Miye Mnyamwezi," alikuwa akisema kwa sauti nzito. "Sili. Sisemi. Miye nshameza kufuli. Nleteeni wali niukatae!" Jirani akamletea sahani tupu, akaisukuma kwa kidole, akaguna, akaenda zake. Ilikuwa ni meza yetu ya Morogoro kama ilivyo. Sijui alijuaje. Tumaini alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, ananitazama kuuliza kama inaruhusiwa kucheka.

Baba akainuka. Huwa anainuka hivyo anapoondoka mezani.

"Hujui kutembea," akasema. "Mimi navuta mguu wa kushoto."

Akamwonyesha. Akazunguka ua mzima peku, anavuta mguu, na kidevu kifuani, akijiigiza mwenyewe vizuri kuliko alivyoigizwa, na aliporudi alipoanzia akaanza kucheka. Kicheko kile kilikuwa kimekaa muda mrefu, kilitoka na kikohozi. Tumaini akaachia mikono. Sote tukaachia.

"Haya," Bi Mwanahamisi akasema, akakaa jamvini. "Twende kwenye malipo. Sitaki fedha, sitaki mbuzi. Marehemu wote husifiwa, nimechoka na sifa. Nataka kasoro za mkeo. Kasoro moja, kitu kimoja. Jina lake nani?"

"Felista," akasema baba. Mwaka mzima na nusu sikuwa nimelisikia kinywani mwake. "Kofia kwanza. Alikuwa hajui kuimba. Aliimba kwaya miaka ishirini na hajui. Alikuwa anasimama mstari wa mbele, sauti ya juu, anaipotosha kwaya nzima, na padri anaogopa kumwambia."

Ni kweli tupu. Nilicheka huku machozi yananitoka. Kofia ikarudi.

"Viatu."

"Haombi radhi. Hata siku moja. Akikosea, asubuhi utaona yai la kuchemsha pembeni ya chai. Hasemi kitu. Nikiona yai, najua nimeshinda." Akafikiri. "Mayai nimekula machache lakini. Mara nyingi alikuwa na haki."

Viatu vikarudi.

"Mkoba."

Hapa baba aliusugua mguu wake wa kushoto. "Tulipatana nitangulie mimi," akasema. "Mimi mkubwa, mimi mwenye presha. Tulipatana kabisa. Akanizunguka."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanahamisi alifungua pindo la kanga, akaenda mwenyewe chumbani, akautoa mkoba na kumwekea baba mapajani. Alikaa karibu naye. "Hiyo kasoro kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo hata miye nkifika ntamdai." Kisha akampa pole, pole ya kawaida, kwa mikono miwili, na baba akalia mbele ya watu wote. Halafu wakaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka, naye baba akala. Akaomba ukoko.

Koti lilibaki. Baba alisema kasoro nyingine hana kwa leo, na Bi Mwanahamisi akasema basi atalivaa yeye kwenda shamba.

Siku ya tatu ilipaswa kuwa ya kupumzika Makorora, kwa mujibu wa ratiba. Saa kumi na mbili na nusu baba akagonga mlango wetu, keshaoga. Anataka Pangani. Tukaenda Pangani. Alitaka kupanda kivuko, tukavuka mto hadi Bweni, tulipofika ng'ambo akataka tuvuke tena kurudi, kisha tena kwenda, mpaka mkata tiketi akamuuliza, "Mzee, umepoteza kitu ng'ambo?" Tumaini alikuwa ameshika mkono wake muda wote. Tukala pweza wa nazi mjini, na Gaudens akaniambia sikioni kwamba anaondoa kauli yake kuhusu bahari na mapishi.

Saa moja asubuhi siku ya nne tulianza kurudi. Tulipopita Muheza baba alikula machungwa matatu. Tulipokaribia mto Wami akanigusa bega kutoka kiti cha nyuma. "Nimekumbuka nyingine," akasema. "Mama yako alikuwa mwoga wa kinyonga. Nipigie simu Kigombe." Tukapiga. Nilimsikia Bi Mwanahamisi akicheka humo ndani ya simu, akikataa: woga si kasoro, koti halirudi. Mpaka Chalinze baba alishatoa nyingine mbili, zote zikakataliwa, na abiria wa jirani wakaanza kutoa za wake zao.

Ndugu zangu waliobaki nyumbani waliniuliza nimejifunza nini huko, nami naona haya kidogo kwa jibu langu. Sisi watoto tulimsifu mama kanisani, makaburini na kwenye fulana tulizochapisha, hata akawa malaika. Tulidhani tunamfariji baba. Lakini baba hakumwoa malaika; alimwoa Felista asiyejua kuimba, na huyo hatukumwachia baba nafasi ya kumlilia.

Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, Tumaini aliuliza kama bibi alikuwa mkali. Mimi na Gaudens tuliacha kutafuna. Baba akaweka kijiko chini. Akavuta kiti cha mjukuu wake karibu.

"Mkali?" akasema. "Kaa vizuri nikusimulie."