Chumvi ya Katwe Ndani ya Barafu

Nakiri mbele yenu kwamba usomi wangu umeniponza. Nikiwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini Kasese, nilifungasha chupa za maji ya mfereji wa Mubuku ziende maabara Kampala kuhesabiwa vijidudu. Maji yalitakiwa yawe baridi bila kuganda. Hajji, dereva wetu, alijaza barafu ya kutosha kwenye sanduku la chupa. Mimi nikawaza: gurudumu likipasuka njiani huko Kikorongo, barafu ikayeyuka, je? Nikakumbuka darasani kwamba chumvi huzidisha baridi ya barafu, nikamwaga vikombe vitatu vya chumvi ya Katwe.

Hajji aliporudi, bosi aliweka simu ya maabara kwenye spika.

"Maji yaliganda, chupa zimepasuka. Hakuna cha kuhesabu. Barafu imejaa chumvi; nani aliitia?"



"Bosi, mimi nilimuambia barafu inatosha," akasema Hajji, akininyoshea kidole. "Yeye akasema iko na digrii."