Namba Moja, Mtaa Mpana

Wananchi wote wenye milango, pamoja na wale wenye mapazia badala ya milango, mnatangaziwa rasmi kwamba jiji letu limepata shujaa. Hakupigana vita. Hajawahi kugombea kiti chochote isipokuwa cha plastiki, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, na hicho nacho alikikosa. Lakini amefanya jambo lililowashinda mameya watatu mfululizo: amemfanya tajiri avunje ukuta wake mwenyewe, kwa fedha zake mwenyewe, huku akitabasamu. Mnaombwa msimame. Wenye magoti mabovu wanaweza kuendelea kukaa.

Watoto wanamwita Mama Gurudumu, na watu wazima wameliiba jina hilo kwa watoto. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, anayetembea kama mtu aliyechelewa basi ambalo hana haja nalo. Zamani alikuwa tarishi wa halmashauri. Enzi hizo mitaa yetu mingi haikuwa na majina na nyumba hazikuwa na namba, kwa hiyo bahasha zilikuwa zinakuja na hadithi juu yake: mpelekee fulani, nyumba yenye mlango wa kijani, mkabala na jirani anayekohoa. Mama Gurudumu alikuwa anasimama njiani anasikiliza vifua vya watu. Jirani akipona, barua inarudi ofisini.

Siku halmashauri ilipoamua kwamba sasa basi, kila mtaa uwe na jina na kila lango liwe na namba, ikatafuta mtu wa kuzunguka jiji zima kwa miguu. Wasomi wa idara wakatazamana, wakatazama viatu vyao, wakamtazama tarishi. Akapewa gurudumu la kupimia, lile la mpini mrefu linalohesabu mita likisukumwa, akapewa ndoo ya vibao vya bati, nyundo na ngazi. Akajiona amepewa gari.

Kanuni ya jiji ni hii, na ukiielewa umeelewa mkasa wote. Namba si ya nyumba, ni ya lango. Unaanza pale mtaa unapoanzia, unasukuma gurudumu, na lango lako likiwa mita ya kumi na nne, wewe ni namba kumi na nne. Upande wa kushoto witiri, upande wa kulia shufwa. Jirani yako mwenye uwanja mkubwa lango lake likiwa mita ya thelathini na nane, basi yeye ni thelathini na nane, na hapo katikati hakuna kitu, kuna ukuta tu.

Nenda kawaeleze watu hivyo. Wa kumi na nne aliamini kabisa kwamba namba zote za katikati zimeuzwa kwa watu wa serikali. Mama mmoja mshona nguo alifunga duka mchana kutwa akizitafuta. Mzee mwingine alihamisha lango lake hatua mbili apate namba inayomkumbusha mwaka aliooa, mkewe akamwambia bora angelirudisha. Mama Gurudumu alikuwa anawasikiliza wote, anasema pole, anapigilia kibao, anasogea mbele.

Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Jioni akirudi alikuwa anapita makusudi kwenye mitaa aliyoimaliza, kuangalia tu. Akimkuta mgeni ameshika kikaratasi, anasoma vibao, anapata lango bila kumuuliza mtu, basi yeye anarudi nyumbani kifua mbele kama aliyemzaa yule mgeni.

Tatizo ni kwamba nyumbani kwenyewe hakukuwa na kibao.

Yeye na mama yake, bibi mwenye ulimi wa kukatia nyasi, wanaishi kwenye uchochoro unaochepuka kutoka barabara kubwa. Pale pana kaya nyingi, mafundi, wauza mboga, na seremala ambaye kazi yake ilikuwa na kichekesho cha uchungu: anatengeneza kabati zuri, linapigwa msasa, linapakwa rangi, kisha analibomoa vipande vipande ili litoke uchochoroni, anakwenda kuliunda upya barabarani mbele ya mteja anayetazama saa. Uchochoro ulikuwa mwembamba kiasi hicho. Na kanuni ilisema njia isiyo na upana wa mita tatu toka mwanzo hadi mwisho si mtaa. Isiyo mtaa haina jina, malango yake hayana namba. Na mamlaka ya maji ilikuwa imetangaza kwamba mabomba mapya yatafika kwenye anwani tu. Hakuna anwani, hakuna bomba. Utaendelea na ndoo yako.

Basi watu wa uchochoroni wakamwendea Mama Gurudumu. Seremala, ambaye ndiye mwenyekiti wao, alizungumza kwa upole mwanzoni. Si wewe ndiye mwenye gurudumu, dada yetu? Si kalamu iko mkononi mwako? Andika mita tatu, nani atakuja kupima? Akakataa. Wakamkumbusha nani alimlea, nani alimkopesha chumvi. Akakataa tena. Wakasema mkono wake ni mwepesi kwa wageni na mzito kwa wa kwao.

Mama yake mzazi ndiye aliyeumiza zaidi. Alikuwa anateka maji bomba la barabara kubwa, anarudi na ndoo kichwani, anaitua mbele ya binti yake kwa kishindo. Usiku chakula kinapakuliwa kimya kimya. Hatimaye binti akashindwa kuvumilia.

"Mama, nikiandika tatu hapa, lori la mabomba litakuja, litakwama, watu wa maji wataondoka na hawatarudi tena. Na vile vibao vyangu vyote vya jiji zima vitakuwa vya uongo."

"Vibao havinyweki," akajibu bibi.

Sasa mtu atauliza: uchochoro ulikuwa mwembamba kwa nini? Haukuzaliwa hivyo. Kwenye kona yake, pale unapokutana na barabara kubwa, palikuwa na boma la muuza mabati, tajiri mnene wa shingo, na ukuta wake ulikuwa unaambaa na uchochoro sehemu kubwa ya urefu wake. Ukuta ule ulikuwa na tabia. Kila ulipokarabatiwa ulisogea kidogo. Ukipasuka, unajengwa upya mbele kidogo. Ukipakwa rangi, nayo rangi inahitaji nafasi. Watu walilalamika hadi wakachoka, barua zao zikaenda halmashauri zikafia huko kifo cha kawaida.

Mama Gurudumu akafika barabara kubwa na ndoo yake ya vibao. Barabara hiyo inaanzia kwenye mzunguko wa magari. Lango la kwanza kabisa kushoto ni banda la fundi pancha: namba moja. La kwanza kulia ni choo cha halmashauri: namba mbili. Akasukuma gurudumu mpaka kwa muuza mabati, akapanda ngazi, akampigilia kibao chake: mia mbili na kumi na mbili.

Tajiri akatoka na kandambili. Akakisoma kibao kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Alichoelewa yeye ni kwamba jiji limepanga watu kwa heshima, na limemweka nyuma ya watu mia mbili na kumi na moja, wa kwanza wao akiwa fundi pancha, na kwamba hata choo kimemtangulia. Mama Gurudumu akamweleza habari za mita. Hazikuingia. Tajiri akasema kwamba yeye ndiye aliyeezeka nusu ya jiji hili, na kwamba namba yake haiwezi kuwa ndefu kuliko jina lake. Akataka kujua fundi pancha alitoa nini.

"Hakutoa kitu, mzee. Banda lake liko mwanzo wa barabara."

"Na mimi nataka mwanzo. Namba moja zinapatikana wapi?"

"Kila mtaa una yake, pale unapoanza. Hizi za huku zote zimeshakwenda."

"Ambayo haijaenda?"

Mama Gurudumu akafikiri. "Ni hii njia ya pembeni yako. Inaanzia hapo hapo konani kwako. Ukifungua lango pale mwanzo kabisa, moja ingekuwa yako. Ila haihesabiki. Sio mtaa."

"Kwa nini sio mtaa?"

"Haina upana."

"Kwa nini haina upana?"

Mama Gurudumu akautazama ukuta. Tajiri naye akafuata macho yake, na wote wawili wakawa wamesimama pale barabarani wanautazama ukuta, kama watu waliokutana kwenye maonyesho ya picha. Kisha Mama Gurudumu akachukua ndoo yake akaendelea, maana mia mbili na arobaini ilikuwa inamsubiri.

Tajiri hakulala vizuri, hilo tumelipata kwa mpishi wake. Alikuwa anatoka anasimama konani, anarudi ndani, anatoka tena. Mkewe akamwambia mia mbili na kumi na mbili haina ubaya, ukijumlisha tarakimu zake unapata tano. Hakujumlisha. Akaita mafundi.

Asubuhi moja basi uchochoro ukaamka na nyundo. Watu wakachungulia wakaona vibarua, sururu, toroli na matofali mapya, na kila mmoja akajua maana yake: ukuta unakarabatiwa, kwa hiyo ukuta unakuja. Safari hii utafika kwenye mashavu yetu. Wanawake wakatoka na mifagio, seremala akatoka na randa, sijui alitaka kumranda nani. Bibi yeye hakupiga kelele. Alileta kigoda chake, akakiweka chini ya ukuta, pale pale ambapo sururu ilitakiwa kupiga, akakaa, akaanza kuchambua mchele.

Vibarua wakasimamisha kazi. Msimamizi akambembeleza bibi, akamwita mama, akamwita mpenzi. Bibi akamwambia ahamishe kivuli chake, kinamzuia kuona mawe kwenye mchele. Tajiri akatoka amenuna, akasema kama kumefikia hapo basi anaacha, abaki na mia mbili yake, watu wasio na shukrani hawa.

Mtu akakimbia kumwita Mama Gurudumu, ambaye alikuwa mitaa ya mbali juu ya ngazi. Alikuja mbio na nyundo mkononi, jambo ambalo halikutuliza hali. Alipofika akaona yote kwa mara moja: tajiri amegeuza mgongo anaelekea ndani, msimamizi anakusanya sururu, na mama yake mzazi amekalia maji ya mtaa mzima.

"Mama, inuka."

"Wewe mtoto umeuza njia."

"Mama, anarudi nyuma. Haji mbele, anarudi nyuma."

"Tajiri gani anarudi nyuma?"

Swali lilikuwa la haki. Mama Gurudumu akachuchumaa mbele ya kigoda, akaushika ungo kwa mikono miwili, akamwambia mama yake polepole, lakini kila mtu alisikia: "Sijawahi kukudanganya hata kwa mita moja. Ndiyo maana umeninunia. Sasa inuka."

Bibi akamtazama. Akapepeta mchele mara moja, akainuka, akasogeza kigoda hatua moja. Moja tu. Akakaa tena, akiwa tayari.

Ukuta ukaanguka. Alipoona uko kweli chini, na msingi mpya unachimbwa ndani, kule kwenye maua ya tajiri, bibi akasogeza kigoda mbele kuufuata. Kila ukuta uliporudi nyuma, bibi alisonga mbele, anachambua.

Tajiri kwanza alitaka kubomoa kona tu, mahali pa lango. Mama Gurudumu akamwambia upana unapimwa toka mwanzo hadi mwisho, na bila mtaa hakuna namba moja, kutakuwa na lango linaloangalia uchochoro, basi. Akavunja wote. Alipokuwa anavunja alikuwa anawaambia rafiki zake kwa simu kwamba amefungua mtaa wake binafsi. Hatukumkatalia. Kazi ilipoisha, mkokoteni wa seremala ulipita na kabati zima juu yake, milango imefungwa, kioo kinawaka jua, na seremala akawa anausukuma polepole mno, akautoa mpaka barabarani, kisha akaurudisha ndani akautoa tena.

Ukabaki mkutano wa jina. Tajiri alikuja nalo, lake. Mama Gurudumu akasoma kanuni: mtaa haupewi jina la mtu mpaka awe amefariki. Watu wakamgeukia tajiri kwa matumaini ya kistaarabu. Akaliondoa pendekezo lake. Kwa kanuni hiyo hiyo la Mama Gurudumu nalo likashindikana, ingawa mikono yote ilikuwa juu. Ndipo bibi akasema uitwe Mtaa Mpana, na anayeona si mpana aje aseme mbele yake. Hakuna aliyekwenda. Mtaa Mpana una mita tatu kamili na unene wa kidole.

Leo maji yanatoka. Bibi ni namba thelathini na saba, na hilo analijua hata anayemuuliza saa ngapi. Fundi bomba alipokuwa ameinama jikoni mwake anafunga koki, bibi alimpa anwani kamili, asije akapotea. Tajiri ni namba moja na ameweka taa juu ya kibao, iwake hata mchana. Wageni wanaingia na vikaratasi vyao, wanasoma, wanafika. Sisi tunawatazama kutoka vibarazani tukijifanya tumezoea.

Siku bomba la mwisho lilipofungwa tulikusanyika wote. Seremala akapanda juu ya stuli yake mwenyewe akatoa hotuba ndefu ya kumsifu Mama Gurudumu: subira yake, akili yake, mtego aliomtegea tajiri mpaka akaingia mwenyewe na miguu yake miwili. Watu wakapiga makofi, bibi akafuta macho kwa upande wa kanga akisema ni vumbi. Kisha seremala akamwomba shujaa asimame awaeleze wananchi, kwa maneno yake mwenyewe, mpango ule mkubwa aliupangaje.

Mama Gurudumu akasimama.

"Mpango gani? Aliniuliza namba moja iko wapi, nikamwambia."