Jibu la Fundi Lililokatwa

Saa tatu asubuhi, chumba cha kazi cha Mama Mkasi kina giza kama stoo. Blanketi limetundikwa dirishani ili mwanga usimdanganye kuhusu rangi za picha. Hedifoni masikioni, kidole kiko tayari juu ya kitufe cha kukatia. Lakini habonyezi.

Kwenye skrini ameketi fundi cherehani aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, ulimi ukawa mzito. Hasemi kitu. Sekunde zinakwenda.

"Tulia," mhariri huyo wa filamu anajiambia. "Anakuja."

Jina la Mama Mkasi alibandikwa na wenzake kwa wepesi wa mkono wake. Kwa miaka mingi alihariri video za harusi, ambako kimya ni mkosi. "Ukiacha kimya, bibi harusi anakupigia kuuliza kama maiki iliharibika," anasema na kuangua kicheko.

Baadaye akahamia filamu za maisha halisi: wagonjwa, watu wenye ulemavu, na ndugu wanaowauguza. Malipo ni kiduchu, na bado anapokea harusi mojamoja ili kodi ya nyumba ipatikane. Kazi ilibadilika, mkono ukabaki wa harusi. Ndio uliomponza.

Ana desturi moja ambayo haivunji: filamu haiendi hewani kabla ya waliorekodiwa wenyewe kuiona. Basi wiki iliyopita alibeba kompyuta yake hadi nyumbani kwa Fundi. Mke wa Fundi alilia, akacheka, akajisifia kitambaa alichovaa siku ya kurekodiwa. Filamu ilipokwisha, Fundi aliinua mkono wake mzima. Wakamsubiri.

"Nilijibu," alisema.

"Ulijibu nini, baba watoto? Si nilikujibia mimi?"

Fundi akatikisa kichwa. "Nili…jibu."

Mama Mkasi aliona aibu, na hafichi. "Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi huyu hatukumwacha aulizwe chochote!"

Alirudi kwenye picha ghafi. Pale mwongozaji wa filamu anamuuliza Fundi: "Mkeo anakuhudumia kutwa kucha. Wewe unamfanyia nini?" Mkewe anadakia: "Huyu? Kazi yake kulala tu mpaka jua liwe juu!" Anacheka, anabeba beseni, anatoka kwenda kuanika nguo. Mhariri alikuwa amekata papo hapo, kwenye kicheko. Hakuwahi kusikiliza zaidi.

Kamera haikuzimwa. Kimya kirefu kilifuata, ndipo Fundi akasema, neno baada ya neno: "Asubuhi… najifanya… nimelala. Ili naye… alale."

Jana mwongozaji alikuja. Kituo cha televisheni kimewapa nusu saa, basi; ukiongeza kimya cha Fundi, filamu inazidi.

"Dada, jibu zuri sana. Weka jibu, toa kimya. Watu watahama stesheni."

"Nikitoa kimya, si yeye tena. Nitakuwa nimemshonea mdomo wa mtu mwingine."

"Basi nitampa mhariri mwingine. Sitaki, lakini nitampa."

"Mpe. Ila kaa kwanza utazame, mikono mapajani."

Mwongozaji alikaa. Katikati ya kimya mkono wake ulinyemelea kitufe, akachapwa kofi la vidole kama mtoto aliyegusa chungu cha moto. Jibu lilipofika, alirudisha mikono mapajani. Kisha akashusha pumzi.

"Toa ile picha yangu ya jua linalozama," alisema. "Na muziki wake."

"Nilikuwa nalisubiri hilo," anasema Mama Mkasi. "Jua lenyewe lilikula dakika nzima, na halikuwa mgonjwa."

Sasa anapitisha kipande hicho mara ya mwisho. Kidole kinaondoka kwenye kitufe. Kimya kimebaki kizima, na filamu imetimia nusu saa.

Huko mbele anataka kuipeleka katika wodi za kiharusi, waione wote wanaowajibia wagonjwa wao kwa mapenzi. Lakini kesho asubuhi ana safari nyingine kwanza. Ameshampigia mke wa Fundi kumwomba asianze kufua kabla hajafika, na amekataa katakata kumwambia sababu.

"Siku ile alikuwa uani, anaanika," anasema, akivua hedifoni na kufuta macho bila kujificha. "Yule mama hajui mpaka leo kwamba mumewe huwa macho. Nchi nzima itasubiri. Nataka yeye asikie kwanza."