Jikoni kwa Mama Mkwe

Nilipokwenda ukweni kwa mara ya kwanza, huko Kakamega, Agosti iliyopita, mke wangu alinipa masharti mawili kabla hatujatoka kwetu Jericho, mtaani Nairobi. La kwanza: usimpe mama mkono, usimtazame usoni, na jikoni mwake usikanyage kabisa. Kwao mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. La pili: subiri firigisi. Kuku akiletwa na firigisi imo kwenye bakuli lako, umekubalika. Isipokuwemo, rudi kwenu ukajitafakari.

"Na usiniaibishe," akaongeza. Hilo lilikuwa la tatu, lakini sikumkumbusha.

Tulifika siku ya kupiganisha fahali. Kijiji kizima kiliamka na mapema, watu wameshika matawi mabichi, ngoma na filimbi hazinyamazi, na fahali wawili wanasindikizwa uwanjani kwa nyimbo kama maharusi. Nami nilikuwemo na raba zangu nyeupe, natingisha mabega, nimeachwa na mdundo hatua mbili nyuma. Watoto waliacha kutazama fahali wakanitazama mimi.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akanieleza sheria. Fahali akizidiwa hugeuka na kukimbia, na mchezo umeisha. "Sasa akigeuka, shemeji, toka njiani. Usingoje kuona anaenda wapi."

"Tulia, shem," nikamjibu, kifua mbele. "Mimi ni msee wa Jericho. Sishtukangi."

Nilisema kwa sauti ili wazee wasikie. Walisikia.

Pembe ziligongana, vumbi likatimka, na kabla sijapata simu mfukoni nipige picha, mmoja akageuka. Akageukia upande wangu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kuhusu mkwe kutoka Nairobi hawakuacha neno lolote.

Sikumbuki kuamua kukimbia. Niliwapita wazee, nikawapita watoto, nikaruka ua, nikaingia mlango wa kwanza niliouona wazi, nikaufunga na kuuegemea. Ndani kulikuwa na moshi, mafiga matatu na kuku mmoja mwekundu. Kulikuwa pia na mwanamke mwenye mwiko mkononi, ambaye papo hapo aligeukia ukuta na kujifunika kichwa kwa leso.

Nikatamani fahali avunje mlango animalize.

Hatukusemezana, haifai. Yeye aliongea na kuku. "Wewe kuku," akauambia ukuta, "huyo ng'ombe ameshapita, ameenda mtoni. Kama kuna mtu amepotea njia, mwambie atokee mlango wa nyuma, kwa migomba, watu wasimwone."

"Kuku," nikasema, "mwambie mama asante. Mwambie sikukusudia."

Kuku akadonoa kamba ya raba yangu.

Kukimbia nilisamehewa, maana hata wazee walikimbia. Shemeji alitaka tu kujua nilijificha wapi. Nikamwambia migombani, na kusema kweli nilikuwa na jani la mgomba shingoni.

Lakini mchana, nilipoketi na wazee kungoja chakula, kila bakuli lililopita nililifuata kwa macho. Niliogopa sana. Aibu yangu mwenyewe nimeizoea. Ila mke wangu alikuwa amewaambia watu wa kwao miaka miwili mizima kwamba ameolewa na mwanamume mwenye adabu, na mama yake sasa alijua vingine.

Mke wangu akaja na bakuli, akaliweka mbele yangu. Firigisi ilikuwa juu kabisa.

"Mama amesema nini?" nikamnong'oneza.

"Hata simwelewi," akasema. "Amemchinja yule mwekundu, kuku wake anayetaga kila siku. Nimemwuliza kwa nini, anasema eti alikuwa ameanza kujua mambo mengi mno."

Nikanawa mikono. Nilimla shahidi yule mpaka mifupa.