Mkanda Mpya Nyuma ya Kiti

Treni iliyonileta Likasi ilikufa mara nne njiani. Nilitoka kwetu Kasongo kwa baiskeli ya kukodi, nikapanda Samba, na kila tuliposimama tuliambiwa tungoje kidogo. Kidogo ya Kabalo ilikuwa siku tatu. Kidogo ya Kamina ilikuwa siku nne, na wanawake wawili wakaanza kupika bukari, yaani ugali, kando ya reli, wakapata wateja wa kudumu. Watu waliokuwa wageni pale Samba, tulipofika Tenke walikuwa wanagombana kama ndugu. Mimi nilikuwa na furaha tele. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, diploma ya sekondari ndani ya mfuko wa nailoni, na nilipenda kuliko kitu chochote ile hali ya kutokuwa mahali popote. Leo nimepita arobaini. Nimelala katika miji mingi, na ni mmoja tu ninaoamka nikiutafuta.

Baba mdogo alikuwa na duka Kikula, mtaa wa Likasi, na Peugeot 404 ya mizigo. Aliniandikia kwamba nikiiendesha miaka miwili itakuwa yangu, na hilo alilitimiza. Hakuniandikia kwamba vipuri vilikuwa vimekwisha mjini. Ilikuwa miaka ile ambapo mishahara ya kiwandani ilikatika, na watu wakaanza kuuza kabati na redio mbele ya nyumba zao.

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kushika usukani. Alinifundisha mkanda wa feni. Alisema gari lile lina mkanda mmoja tu, nao unazungusha feni, pampu ya maji na dinamo. Ukikatika, utakuwa umekaa juu ya chungu kinachochemka. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, niubonyeze kwa dole gumba kati ya puli mbili. Ukizama sana, unateleza na kulia. Usipozama, umebana mno na utakula beringi za dinamo. Niupindue nitazame upande wa ndani kama una nyufa. Niufute oili. Alinionya nisiusukume kwa bisibisi hata siku moja, maana bisibisi inaacha jeraha ambalo hulioni mpaka ufike porini.

Mkanda ule wa kiwanda ulikufa kabla ya mwaka kwisha. Kuanzia hapo tuliishi kwa mikanda ya fundi viatu. Alikata vipande vya mpira mzito uliochakaa, wa kubebea mawe kule machimboni Kakontwe, akavichonga kwa wembe na kuunga ncha kwa waya wa shaba. Mkanda wa namna hiyo ulidumu safari tatu, nne, na ulilia. Nilikuwa nabeba wanawake waliokwenda Mwadingusha kununua samaki wa bwawani, na sikuhitaji kupiga honi. Waliusikia mkanda kutoka mbali, wakatoka na vikapu vyao.

“Shofere,” mama mmoja aliniambia, “hii gari yako inalia njaa. Uipatie ziwa inyonye.”

Kati yao kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi. Serikali ilikuwa imeacha kumlipa, kwa hiyo Jumamosi alikwenda kwenye samaki kama wengine. Alikaa mbele, na kwa sababu ya ule mlio tulilazimika kuongea kwa sauti, mpaka nyuma wakawa wanachangia. Alinitania kwa Kiswahili changu cha kwetu Maniema. Aliniita mwana-Kasongo. Alikuwa Mkatoliki, mimi nasali msikitini, na mama yake alikuwa na maneno juu ya jambo hilo, lakini baada ya mwaka hata mama yake alianza kuniwekea kiti. Kilichobaki ni mimi kumpeleka baba mdogo pale nyumbani akaseme kile ambacho wazee husema. Nilikuwa naahidi kila mwezi.

Katika mwezi mmoja kati ya hiyo nilikutana Lubumbashi na dereva wa lori kutoka Zambia. Alikuwa na mkanda mpya wa kipimo changu, bado ndani ya karatasi yake ngumu. Nilimpa redio yangu na viatu vya sikukuu. Nilirudi Likasi, nikauingiza nyuma ya kiti, nikaendelea kwenda kwa fundi viatu. Sikumwambia mtu. Nilijisemea kwamba nauweka kwa shida kubwa. Ukweli ni kwamba usiku nilikuwa nawaza barabara ya mpakani Kasumbalesa, na nchi zilizo mbele yake, na kwamba kwa mkanda ule ningeweza kuondoka asubuhi yoyote. Nilimpenda mwalimu. Na nililala vizuri kwa sababu ya ule mkanda. Sijui kuyaeleza hayo mawili kwa pamoja hata leo.

Jumamosi moja ya jua kali tulikuwa tunatoka Mwadingusha, vikapu vimejaa, na waya wa shaba ukakatika kwenye mlima. Taa nyekundu ikawaka. Nikafungua boneti, wanawake wakashuka wakamwagia samaki maji yaliyobaki. Mmoja akasema soksi ndefu ya nailoni inaweza kushika kazi ya mkanda. Kila dereva alijua hivyo. Mwalimu peke yake ndiye alikuwa nazo. Asubuhi ile alikuwa amepanda gari moja kwa moja kutoka shuleni, na nguo zake za kazi. Zilikuwa soksi zake za pekee, za darasani na za misa. Akaenda nyuma ya gari, akarudi miguu mitupu ndani ya viatu, akanipa moja. Nikaipokea. Nikaifunga kwenye puli, tukaenda mpaka mlima wa pili, ikakatika. Akanipa ya pili. Nayo nikaipokea.

Hiyo haikufika hata kona iliyofuata. Samaki walianza kunuka, na mama mzee wa kundi lile akakaa chini kando ya kikapu chake, akalia bila sauti. Hapo ndipo nilipoingiza mkono nyuma ya kiti.

Nililegeza bolti ya dinamo, nikaisukuma kuelekea injini, nikauvisha mkanda puli ya chini, kisha ya pampu, kisha ya dinamo. Nikaivuta dinamo kwa kipande cha mti, nikakaza, nikabonyeza kwa dole gumba. Ni kazi ya dakika ishirini. Mwalimu aliokota ile karatasi ngumu, akaitazama.

“Ulikuwa nayo tangu lini?”

Nikamwambia. Ilikuwa miezi mitano.

“Soksi minye nilikuwa nakupatia tu,” alisema. “Sina mambo na soksi. Minye nauliza: weye uko unaishi na sisi, ao uko unapita?”

Niliinama kukusanya spana. Akapanda nyuma, akakaa na wenzake.

Tangu siku hiyo gari lilinyamaza. Nilifika mtaani asubuhi na milango ikabaki imefungwa. Ilibidi nishuke nibishe. Mwalimu akawa anakwenda na gari la mtu mwingine. Nilimtafutia soksi Lubumbashi, nikampelekea. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, “Aksanti, shofere.” Heri angezitupa.

Baba mdogo aliniambia niende nikaseme neno moja tu, ndiyo au hapana, kwa sababu mwanamke hawekwi njiani kama mzigo. Nilikaa miezi miwili na neno hilo.

Siku niliyoondoka kabisa ilikuwa Jumatatu. Nilisimamisha gari karibu na shule, nikasimama mlangoni mwa darasa. Watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja. Alitoka, chaki mkononi, akaona nguo zangu zimefungwa nyuma ya gari. Nilimwambia ninakwenda Kasumbalesa, halafu sijui.

“Ungesema tangu siku ya kwanza,” alisema. “Ningekupenda vile vile, kama muntu wa kupita. Ile ningeweza.”

Akanitakia safari nzuri, akaingia darasani. Nilimsikia akiwauliza watoto walikuwa wamefikia wapi, nao wote wakamjibu.