Kigari cha Kijivu

Mwezi uliopita binti yangu alinisogezea simu yake akaniuliza, "Mama, nichukue lipi?" Kwenye kioo kulikuwa na magari matatu, na gemu lilikuwa linamsubiri achague la kuanzia. Nikamwonyesha lile dhaifu kuliko yote. Alicheka. Mimi nilikuwa nimeshafika Ngokolo, Shinyanga, miaka ya tisini ikielekea kwisha, nasikia harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka jikoni kwa bibi.

Twende huko kidogo, rafiki. Nyumba ya bibi ilikuwa pembeni mwa mji, pale nguzo za umeme zilipoishia na majaruba ya mpunga yakaanza. Mjomba, mwanawe wa mwisho, alikuwa mchimbaji huko Geita. Alishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu yanayochimbwa kwa mkono. Jirani yetu alikuwa ameshazika kijana aliyefukiwa humo, na bibi hakuwa na raha hata siku moja mjomba akiwa kule.

Kisha mjomba akabahatika. Kwetu mtu akibahatika hununua ng'ombe, na bibi alikuwa ameshaanza kukarabati zizi. Mjomba akashuka kwenye basi na televisheni ya chogo, mashine ya gemu na pedi mbili.

"Ng'ombe wako wapi?" bibi aliuliza.

"Ndio hawa, mama. Hawali majani."

"Wala hawatoi maziwa."

Hata hivyo alimpa chumba cha uani kilichokuwa stoo ya pamba. Makubaliano yao tuliyasikia sote. Gemu likiendelea kuvuta watoto wa kulipa mpaka msimu wa pamba uishe, mjomba anabaki nyumbani. Likishindwa, analiuza na kurudi Geita, ambako wenzake walikuwa wamemwekea nafasi.

Likaanza kushindwa. Siku za mwanzo watoto walijaa, kisha wakapungua mpaka pedi zikawa zinalala juu ya kiti. Gemu lilikuwa moja tu, la mashindano ya magari. Kila mtoto alichagua jekundu, lenye kasi, na kila mtoto aliishia ukutani kwenye kona ya kwanza. Hakuna aliyegusa kitufe cha breki. Tulikuwa watoto wa baiskeli, na baiskeli zetu nyingi hazikuwa na breki. Ulisimama kwa kusugua katambuga ya mguuni kwenye tairi. Basi kona ikifika, mtoto analalia upande mmoja, mguu unasugua sakafu ya saruji kwa nguvu zote, na gari linaenda zake ukutani. "Mashine mbovu hii," walisema wakitoka. Mjomba hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote, kwa hiyo hakuweza kuwafundisha.

Mimi nilikuwa msichana, na zamu yangu ilikuja tu wavulana wakiondoka. Siku hizo waliondoka mapema. Alasiri moja bibi aliingia na bakuli la michembe, akasimama akinitazama nikigonga ukuta tena na tena.

"Hilo jekundu ni dume changa," alisema. "Nani alikwambia ulifunge jembe siku ya kwanza?"

"Bibi, hili ni gari."

"Naona. Linakuburuta."

Nilimwelewa. Msimu wa kulima mimi ndiye niliyeshika kamba mbele ya maksai, na nilijua maksai mpya hufungwa nira na mzee mzito, asiye na haraka, mpaka aizoee kazi. Nilijua pia kwamba kugeuza huanza kabla ya shamba kwisha: unawapunguza mwendo, ndipo unavuta kamba. Nikarudi mwanzo, nikachukua kigari cha kijivu, kile cha polepole ambacho hakuna aliyekuwa anakitaka. Nikajaribu jambo moja moja. Kwanza kuachia mafuta mapema. Nilipolizoea hilo, nikaongeza breki, gari likiwa bado limenyooka. Kugeuza kulikuja mwisho. Nilimaliza mbio nikiwa wa mwisho, lakini nilimaliza. Mjomba alipiga kelele mpaka mama wa jirani akaja na mwiko mkononi, akidhani kuna nyoka.

Kesho yake mjomba akatangaza sheria: mgeni anaanza na la kijivu, nami nasimama nyuma yake. Wavulana walinuna.

"Nifundishwe na msichana? Tena kwenye gari la wazee?" mmoja aliuliza.

"Basi nenda kagonge ukuta wa kwenu," mjomba alimjibu.

Mvulana yule alibaki. Niliwaamuru wote wakae miguu juu ya kiti. Mguu ulipokosa sakafu ya kusugua, kidole kikaanza kuitafuta breki chenyewe.

Pamba ilikuwa karibu kwisha shambani wenzake wa Geita walipopita na pikapu kumchukua. Walipiga honi. Mjomba alitoa kichwa dirishani. "Subirini, kuna mtu anamaliza mbio." Mmoja wao akashuka, akachungulia watoto waliobanana mpaka mlangoni. "Kaka," alisema, "wewe umeshapata mgodi wako." Wakaondoka bila yeye.

Chumba kile hakipo tena. Juu yake imepita barabara ya lami. Watoto wa sasa hujifunza kona kila mmoja na kioo chake, bila mtu wa kumzomea nyuma ya kiti. Mengi niliyojifunza baadaye bila mwalimu, umeme wa jua, hesabu za biashara, hata gari lenyewe la kweli, niliyaanza kwa namna ile ile, na nashukuru.

Lakini shukrani yangu kubwa ni ya alasiri nyingine, mwaka uliofuata. Bibi alikuwa anapepeta mpunga, redio ikatangaza kwamba duara limeporomoka Geita. Ungo ukasimama hewani. Kutoka chumba cha uani ikaja sauti ya mjomba, amekasirika kweli kweli: "Punguza! Nimekwambia punguza kabla ya kona!" Bibi akasikiliza kidogo, kisha akaendelea kupepeta.