Uso wa Pikapu na Miguu Yake

Fundi huyu wa springi na shokapu huwapokea wateja akiwa amelala chini. Mtu akiingia na pikapu, kabla hajazima injini sawasawa, gunia limeshatandikwa, kichwa cha fundi kiko chini ya gari na miguu iko nje. Salamu huitikiwa kutoka huko huko. Haulizi gari ni la mwaka gani. Pale gereji watu wamezoea kununua boneti, grili na taa za gari jipya lililogongwa na kulivisha nazo gari kuukuu, kwa hiyo kwake uso mzuri ni dalili mbaya. Majirani wanamwita Chunguza. Mkewe anasema hata chai huimulika tochi kwanza.

Mchumba wa binti yake, kijana mchimba visima, alikuja Alhamisi na pikapu ya kabini moja. Nyuma alikuwa na boksi la springi za kuinulia gari. Jumapili wajomba zake walikuwa waje kuzungumza habari za ndoa.

"Shikamoo mzee. Naomba uniinulie gari kidogo," alisema. "Huko kwenye visima njia ni mawe matupu, na mwanao nitampakia humu humu."

"Marahaba," ilijibu miguu.

Fundi alikuwa anatazama mbele ya chesisi. Pikapu za toleo jipya, alivyojua yeye, zilikuwa zimeachana na fito za chuma zinazobeba uzito kwa kujipinda. Mahali pake ziliwekwa springi za mviringo. Hii ilikuwa na taa za toleo hilo, lakini chini ilisimama kwenye fito. Springi za kwenye boksi hazikuwa hata na pa kukaa.

Akatoka, akajifuta mikono taratibu.

"Umeinunua wapi?"

"Dukani, mzee. Mpya."

"Mpya." Fundi alilitamka neno lile kama mtu anayeonja dawa. "Namba ya chesisi nimeiona. Lakini namba hugongwa upya."

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

Jioni hiyo fundi alimwambia mkewe, "Wajomba wasije. Gari lake limevaa uso wa kuazima, na anasema alilinunua jipya. Mtu wa kudanganya kuhusu gari atadanganya kuhusu nini tena?"

Binti alikuwa mlangoni. "Baba, umelala chini ya gari lake nusu saa. Yeye mwenyewe umemtazama dakika ngapi?"

"Kwanza nani alikuambia ana kazi huko kwenye visima?"

"Nimemuona akichimba, baba!"

"Kuchimba hata kuku anachimba."

Mama mtu alicheka, ila binti aliingia chumbani bila kula. Fundi hakupata raha. Asubuhi alikwenda kwa muuza gesi wa mtaa wa nyuma, mwenye pikapu mbili za toleo lile lile, zote alizipokea dukani zikiwa na nailoni kwenye viti. Moja ni ya kabini moja, ya kubebea mitungi, nyingine ni ya kabini mbili, ya kupeleka familia matembezini.

"Chunguza, leo unanishuku mimi?" muuza gesi aliuliza.

"Lala na wewe uone," alijibu kutoka chini.

Ile ya familia ilikuwa na springi za mviringo. Ile ya mitungi ilikuwa na fito. Mwaka mmoja, uso mmoja, miguu miwili tofauti: kiwanda kilikuwa kimeliachia gari la mzigo miguu yake ya zamani. Fundi hakuwa amewahi kuletewa la kabini moja la toleo lile. Alibaki pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Akamwita kijana.

"Gari lako ni la kweli. Boksi ndilo la kabini mbili, lirudishe. Gari lenye fito hizi huinuliwa kwa kukaza boliti zake, na nitakaza kidogo tu. Ukitaka zaidi, shafti za magurudumu zitakaa mshazari zikatike njiani, na mwanangu yumo."

"Kidogo inatosha, mzee." Kijana alisita. "Uliniona mwongo?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa nakuona mtu anayenunua springi bila kuchungulia gari lake mwenyewe."

Binti, aliyekuwa amemletea baba yake chakula, aliweka bakuli chini. "Baba, hiyo ndiyo samahani?"

Fundi alishika spana, akatazama gurudumu, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama kijana usoni, sana, hadi kijana akatazama pembeni.

"Jumapili waje," alisema. "Lakini hao wajomba wangapi ni wa damu?"